Kumfuatilia jenerali wa Kijerumani: uanzie Freiburg, kwenye orodha za vyeo, Kew, mtandaoni au Dar es Salaam?

Anayetaka kujua jenerali fulani wa Kijerumani alihudumu wapi, mwaka gani, na alivishwa nishani zipi, hujikuta mbele ya njia tano, kila moja na watetezi wake. Mmoja atamwambia aiandikie hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Freiburg. Mwingine atamtuma kwenye orodha za maofisa zilizochapwa enzi zile. Wa tatu atasema majibu ya kweli yako kwa waliowashinda Wajerumani, yaani Waingereza, wenye hifadhi ya taifa huko Kew, London, na Wamarekani. Wa nne atafungua simu na kumwonyesha ukurasa wenye kila kitu kimepangwa safi. Na kama jenerali mwenyewe alipigana kwetu, wa tano atauliza kwa nini tuvuke bahari ilhali kuna majalada Dar es Salaam.

Wote wana sababu. Kinachowachanganya watafutaji ni kudhani kwamba nyadhifa na nishani ni swali moja. Ni mawili. Chanzo kinachokwambia bila kukosea kwamba mtu aliongoza batalioni fulani mwaka fulani kinaweza kisijue lolote kuhusu msalaba uliokuwa kifuani mwake, na kinyume chake.

Nitawatumia majenerali wawili kama mifano. Wa kwanza ni Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasili Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali na kuweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918 akiwa meja jenerali. Wa pili ni Erwin Rommel wa Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili. Nimewachagua kwa sababu karatasi zao zimepita njia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale. Kuhusu nyadhifa: je, aliyeandika aliandika wakati ule ule, tena kwa wajibu wa kazi? Kuhusu nishani: je, kuna siku ya kutunukiwa na sababu yake, au jina la nishani tu? Kuhusu gharama na lugha: utalipa nini, na je, utaweza kuusoma mwandiko? Kisha kigezo ambacho wengi hukiruka: chanzo hiki kinanyamazia nini?

Kabla ya kuchagua: alikuwa wa jeshi lipi?

Hapa ndipo muda mwingi huokolewa au hupotea. Hadi 1918 Dola ya Ujerumani haikuwa na jeshi moja kiutawala. Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg kila moja ilikuwa na wizara yake ya vita na majalada yake ya maofisa. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Uingereza zilishambulia Potsdam, na hifadhi ya jeshi iliyokuwa na majalada ya Prussia ikateketea. Ofisa wa Prussia wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida hana tena jalada lake binafsi. Ofisa wa Bavaria anaweza kuwa nalo kamili mjini Munich, kwenye idara ya Kriegsarchiv ya hifadhi kuu ya jimbo. Wa Württemberg utamtafuta Stuttgart, wa Saxony utamtafuta Dresden.

Rommel alizaliwa Heidenheim, akaanza ujeshi mwaka 1910 katika rejimenti ya Württemberg, kwa hiyo miaka yake ya ujana inaanzia Stuttgart. Lettow-Vorbeck alikuwa wa Prussia, na hapo mlango wa kwanza umefungwa na moto. Lakini kuanzia 1909 hadi 1913 aliongoza batalioni ya askari wa baharini mjini Wilhelmshaven, na karatasi za jeshi la majini hazikuungua. Waingereza walizikamata mwaka 1945 katika kasri la Tambach, wakazipeleka London, na baadaye zikarudishwa Ujerumani. Alipohamia Afrika Mashariki akawa chini ya jeshi la koloni, Schutztruppe, lililosimamiwa na Wizara ya Makoloni, ambayo majalada yake (fungu R 1001) yako katika tawi la Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, la Berlin-Lichterfelde. Mtu mmoja, hifadhi tatu. Asiyejua hili ataandika barua Freiburg, ajibiwe kwamba jalada halipo, akate tamaa bure.

Njia ya kwanza: Bundesarchiv, Freiburg

*Nyadhifa.* Kwa majenerali wa Vita Kuu ya Pili hakuna pa kupashinda. Fungu la Pers 6 lina majalada binafsi ya maofisa wa jeshi la nchi kavu. Si yote yaliyosalimika, lakini lililosalimika lina fomu ya historia ya kazi, tarehe za kupanda cheo, na kitu ambacho hukipati kwingineko: tathmini za wakubwa wake. Humo kamanda wa juu anaandika kama huyu anafaa kupewa divisheni au la, ana hasira au utulivu, na msimamo wake kwa utawala wa Hitler ukoje. Kuna pia mafungu ya urithi binafsi, yanayoanza na herufi N. La Lettow-Vorbeck ni N 103. Hayo yasome kwa tahadhari, kwa maana mwenyewe au jamaa zake ndio walioamua karatasi gani zibaki.

*Nishani.* Jalada zuri lina orodha ya nishani na tarehe. Mapendekezo ya nishani, yanapopatikana, hueleza kitendo chenyewe. Baada ya Machi 1945 mambo huharibika: makao makuu yalikuwa yakihamahama, barua hazifiki, na nishani za wiki zile za mwisho nyingine hazina karatasi yoyote ya kuzithibitisha.

*Gharama na lugha.* Mfumo wa kutafutia uitwao invenio unafunguka bila malipo, na majalada yaliyokwisha kupigwa picha husomwa ukiwa nyumbani. Yasiyopigwa picha itabidi uende, au ulipie nakala, au umwajiri mtafiti aliye huko. Sheria huruhusu kusoma jalada la mtu miaka 10 baada ya kifo chake, hivyo kwa majenerali hawa kikwazo hicho kimekwisha. Kikwazo halisi ni mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao hata Mjerumani wa leo hujifunza upya.

*Kinachonyamazwa.* Jalada la ofisa linamtazama kwa macho ya jeshi lake. Vijiji vilivyochomwa havimo kwenye fomu ya historia ya kazi.

*Inamfaa nani.* Mwenye jenerali mmoja, wa 1939 hadi 1945, anayetaka kina.

Njia ya pili: orodha za vyeo na magazeti rasmi

Naipenda njia hii kuliko inavyosifiwa. Kila mwaka hadi 1914 Prussia ilichapa orodha ya maofisa wake wote, rejimenti kwa rejimenti, na kando ya kila jina viliwekwa vifupisho vya nishani alizokuwa nazo. Mabadiliko ya katikati ya mwaka, yaani uhamisho, kupanda cheo na kustaafu, yalitangazwa katika jarida la Militär-Wochenblatt. Ya jeshi la koloni yalitoka kwenye Deutsches Kolonialblatt. Jeshi dogo la baada ya 1918 nalo liliendelea kuchapa orodha zake.

*Nyadhifa.* Uzuri wake ni kwamba unaweza kuzipanga mwaka baada ya mwaka na kumwona mtu akitembea: luteni hapa, kapteni pale, makao makuu ya mkakati, kisha rejimenti. Hakuna aliyeziandika ili kumsifu mtu. Zilikuwa nyenzo za ofisi, na kosa lingelalamikiwa na mwenyewe kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo sababu kwa ofisa wa Prussia ambaye jalada lake liliungua Potsdam, orodha hizi ndizo uti wa mgongo wa utafiti.

*Nishani.* Zinakwambia alikuwa nayo kufikia toleo fulani. Hazisemi kwa nini, na mara nyingi hazisemi siku. Ukiona kifupisho hakipo mwaka huu na kipo mwaka unaofuata, umebana muda hadi miezi kumi na miwili, na hilo si dogo. Udhaifu wake ni vita vyenyewe: kuanzia Agosti 1914 mtiririko wa kila mwaka ulikatika, na katika Vita Kuu ya Pili orodha za ukongwe wa maofisa zilikuwa siri.

*Gharama na lugha.* Nyingi zimewekwa mtandaoni na maktaba za Ujerumani, bure. Herufi ni za Kigothi za kuchapwa, ambazo mtu mwenye subira huzizoea upesi kuliko mwandiko wa mkono.

*Kinachonyamazwa.* Sababu zote. Utajua alihamishwa, hutajua kama alipandishwa au alifukuzwa kwa adabu.

*Inamfaa nani.* Anayefuatilia ofisa wa kabla ya 1914, au anayefuatilia maofisa wengi kwa pamoja. Pia asiye na fedha.

Njia ya tatu: Kew na College Park

Waingereza na Wamarekani waliwasoma majenerali hawa kama adui anavyomsoma adui, na hilo lina faida yake. Nyaraka za Wajerumani zilizokamatwa zilipelekwa Alexandria, Virginia, zikapigwa filamu, kisha asili zake zikarudi Ujerumani. Filamu zenyewe ziko katika hifadhi ya taifa ya Marekani, College Park, chini ya namba RG 242. Rekodi za divisheni ziko katika mfululizo wa T-315. Ukitaka kujua divisheni ya saba ya vifaru ilifanya nini chini ya Rommel kule Ufaransa mwaka 1940, hapo ndipo pa kwenda.

Hazina ya Kew, kusini-magharibi mwa London, ni ya namna nyingine. Katika mfululizo wa WO 208 kuna maandishi ya mazungumzo ya majenerali waliotekwa, waliofungiwa katika jumba la Trent Park kaskazini mwa London. Walipewa vyumba vizuri na bustani ya kutembea, na kuta zilikuwa zimejaa vinasa sauti. Ludwig Crüwell na Wilhelm von Thoma, wote wawili waliotekwa Afrika Kaskazini mwaka 1942, walikuwa miongoni mwao. Walibishana juu ya Hitler, juu ya nani alikuwa kamanda mbovu, na baadhi ya wafungwa wa jumba hilo walizungumza waziwazi juu ya mauaji ya Wayahudi waliyoyaona au kuyasikia. Kwa aliye na vita vya Afrika Mashariki, WO 95 ina shajara za kila siku za vikosi vya Uingereza vilivyomkimbiza Lettow-Vorbeck.

*Nyadhifa.* Ripoti za kijasusi zina wasifu mfupi wa kila jenerali aliyejulikana, zikiwa na makosa ya kubahatisha yanayotarajiwa kwa ujasusi. Nyaraka zilizokamatwa zina uzito sawa na zile za Freiburg, kwa kuwa ni zile zile.

*Nishani.* Dhaifu. Adui hakujali sana ulivaa nini shingoni.

*Gharama na lugha.* Kusoma ukumbini ni bure kwa mwenye kitambulisho cha msomaji, nakala hulipiwa. Faida kubwa kwa wengi wetu ni kwamba ripoti za Kew zimeandikwa kwa Kiingereza kilichopigwa taipu.

*Kinachonyamazwa.* Kazi ya mtu kabla ya kukutana na Waingereza au Wamarekani. Aliyepigana Urusi tu anaweza kuwa na mistari michache.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kumjua mtu, alifikiri nini na alisema nini, kuliko kupanga tarehe zake.

Njia ya nne: tovuti za wapenzi wa historia ya vita na kamusi elezo

Wanahistoria huwakunjia uso watu hawa, nami sioni haki. Wapo waliotumia miaka mingi ya maisha yao kukusanya tarehe kutoka kwenye orodha za vyeo na majalada, na kazi yao imetuokolea safari. Shida ni kwamba ukurasa wa mtu makini na ukurasa wa aliyenakili bila kuangalia hufanana machoni.

*Nyadhifa.* Mfululizo huwa mzuri, hasa kwa majenerali wa 1939 hadi 1945. Angalia mambo mawili. La kwanza ni vyeo vya heshima. Lettow-Vorbeck utamkuta ameandikwa General der Infanterie (jenerali wa askari wa miguu), kana kwamba alipigana akiwa na cheo hicho. Alipewa kwa heshima tarehe 27 Agosti 1939, akiwa mzee mstaafu wa miaka 69, siku ya kumbukumbu ya Tannenberg, ushindi wa Wajerumani dhidi ya Warusi mwaka 1914. La pili ni kulinganisha vyeo. Jeshi la Ujerumani la wakati ule halikuwa na brigedia jenerali, hivyo Generalmajor ndiyo ilikuwa ngazi ya chini kabisa ya ujenerali. Ukimweka sawa na meja jenerali wa Uingereza umempandisha cheo bila amri.

*Nishani.* Hapa ndipo tovuti hizi zinapong'ara, na ndipo zinapoteleza pia. Zina tarehe kamili: Lettow-Vorbeck, Pour le Mérite (nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia) tarehe 4 Novemba 1916, na majani ya mwaloni, yaani ngazi ya juu ya nishani hiyo hiyo, tarehe 10 Oktoba 1917. Rommel, Pour le Mérite Desemba 1917, Ritterkreuz (daraja la juu la Msalaba wa Chuma) tarehe 27 Mei 1940, kisha ngazi zake za majani ya mwaloni Machi 1941, panga Januari 1942 na almasi tarehe 11 Machi 1943.

Tarehe hizi unaweza kuzipima mwenyewe ukijua ngazi zilivyopangwa. Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme wa Prussia mwaka 1813 na kufufuliwa 1870, 1914 na 1939. Daraja la pili hutangulia la kwanza, siku zote. Ritterkreuz ya Msalaba wa Chuma ilianzishwa tarehe 1 Septemba 1939, na ili kuipata ilibidi uwe na madaraja yote mawili ya chini. Ofisa aliyekuwa na msalaba wa 1914 hakupewa mwingine mwaka 1939, bali kipande cha kubandika juu ya ule wa zamani. Kwa hiyo ukurasa unaosema mtu alipata Ritterkreuz mwaka 1917 haujakosea lazima, ila utakuwa unazungumzia nishani nyingine, kwa mfano ile ya ukoo wa kifalme wa Hohenzollern, iliyokuwa na daraja lenye jina hilo hilo. Na Pour le Mérite ya kijeshi iliyoandikwa baada ya 1918 haiwezekani, kwa kuwa Kaisari aliyekuwa akiitoa alikuwa ameondoka.

*Gharama na lugha.* Bure, na nyingi ni za Kiingereza.

*Kinachonyamazwa.* Hili linanigusa. Orodha ya nishani na nyadhifa iliyopangwa vizuri humfanya mtu aonekane kama ushindi mtupu. Utasoma kwamba Lettow-Vorbeck alihudumu Afrika Kusini-Magharibi, leo Namibia, kuanzia 1904, na mstari unaishia hapo, kama vile alikwenda kukagua maghala. Alikuwa katika makao ya Lothar von Trotha, kamanda wa Wajerumani huko, wakati wa kuangamizwa kwa Waherero. Baadhi ya tovuti hukusanya nishani za enzi ya Hitler kwa mapenzi yasiyouliza lolote. Chukua tarehe, acha sifa.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, na anayehitaji ramani ya awali ya kwenda nayo kwenye hifadhi.

Njia ya tano: Dar es Salaam

Hii ni ya majenerali wachache tu waliopita kwetu, basi nitakuwa mfupi. Nyaraka za Taifa za Tanzania zina majalada ya utawala wa Kijerumani. Gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza 1899 na kukoma 1916, linasomeka mtandaoni kupitia maktaba ya taifa ya Berlin.

*Nyadhifa:* za ndani ya koloni, yaani nani alikuwa kituo gani na aligombana na nani. *Nishani:* karibu hakuna. *Gharama na lugha:* kibali cha utafiti, na Kijerumani kile kile kigumu. *Kinachonyamazwa:* maisha ya ofisa kabla na baada ya Afrika. Lakini hapa ndipo unapoweza kuona upande ambao Freiburg hauonekani: wapagazi, kodi, chakula kilichochukuliwa. Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya, iliyofuata majeshi yote mawili kupora ng'ombe na nafaka zao. *Inamfaa* mwanafunzi na mwandishi wa Afrika Mashariki anayetaka jenerali awe sehemu ya historia ya watu.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama jina lake umelipata kwenye picha au nishani ya kurithi na hujui lolote, anza na tovuti, andika kila tarehe, kisha zipime kwa ngazi za nishani nilizozitaja. Zikipita, tafuta chanzo kimoja cha wakati ule cha kuzithibitisha kabla hujaziandika popote.

Kama alikuwa ofisa wa Prussia kabla ya 1918, usipoteze nguvu kulitafuta jalada lake binafsi. Nenda kwenye orodha za vyeo, na uulize kama aliwahi kutumikia jeshi la majini au makoloni. Kama alikuwa wa Bavaria, Saxony au Württemberg, andika barua kwa jimbo lake kwanza.

Kama ni wa Vita Kuu ya Pili na unaandika tasnifu, Freiburg haikwepeki, na Kew iwe ya pili: vyanzo viwili visivyopendana vinasahihishana. Ukiwa na nafasi ya safari moja tu na hujui Kijerumani, chagua Kew.

Kama kinachokusumbua ni nishani moja, hasa iliyodaiwa kutolewa Aprili au Mei 1945, dai karatasi. Chama cha wapewa-nishani cha baada ya vita kuikubali hakutoshi, na picha haitoshi.

Na kama unamtafuta Lettow-Vorbeck kwa sababu babu wa babu yako alibeba mizigo yake kutoka Morogoro hadi Rufiji, anza Dar es Salaam, kisha R 1001 ya Berlin, na fungu la N 103 la Freiburg liwe la mwisho, ukishajua cha kuliuliza.